Kadi iliyobaki ndani ya sanduku

Maneno niliyosema mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa miezi mitatu. Nimeyaandika tena kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali.

 

Wengi kati yenu mnanijua kama mtu wa listi. Boti ikifika, mimi njo nafika na karatasi na kalamu. Kaya ngapi? Watoto wangapi? Sufuria ngapi, shitingi ngapi, jembe ngapi? Leo sikuja na listi. Nimekuja kusema juu ya swali moja ambalo halikuwa kwenye listi yangu, na nini kilitokea juu halikuwepo.

Kuna mama mmoja aliyerudi kutoka Nyarugusu. Ameniruhusu nisimulie, lakini sitaji jina lake wala kijiji chake. Alirudi kwa nauli yake mwenyewe, pamoja na bwana wake na watoto, akiwa na mimba ya miezi saba. Siku nilipofika kuwaandika, alikuwa ameketi juu ya furushi lao. Miguu ilikuwa imevimba mpaka sapatu hazikumwingia. Akaniambia: “Kaka, kichwa kinaniuma tangu juzi, hakitulii.” Nikamjibu: “Ni jua na mawimbi ya ziwa, mama. Kunywa maji, upumzike.” Nikaandika: kaya moja, sufuria mbili, hakuna jembe. Nikaenda nyumba nyingine.

Mimi nimesoma afya ya jamii chuo kikuu. Siwezi kusema sikujua. Nilijua, lakini siku ile nilikuwa na nyumba arobaini za kuandika kabla ya jua kushuka.

Siku tisa baadaye, usiku, yule mama akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yakapinduka, akauma ulimi. Sasa sikilizeni. Shamba la baba mkwe wake lilikuwa linalimwa na ndugu yao, mtoto wa baba mdogo, ambaye hakukimbia. Walikuwa wamekwisha kugombana juu ya mpaka wa shamba mara mbili katika wiki ile moja. Basi mama alipoanguka, hakuna aliyeuliza tansio. Wote walisema neno moja: “Ni yule. Amemtupia kitu juu ya shamba.” Wakampeleka kwanza kwenye chumba cha maombi. Kulipokucha, ndipo wakatafuta pikipiki. Alipofika hospitali mtoto alikuwa amekwisha kufariki tumboni. Mama waganga walimwokoa.

Na yule ndugu? Usiku uleule vijana walitaka kuchoma nyumba yake. Chifu aliwazuia. Lakini alihama, na mpaka leo analima upande wa pili wa mto. Watoto wake hawasalimiani na watoto wa huyu mama.

Nilipokwenda kumpa pole, mama alifungua sanduku lake, akatoa sashe, na ndani ya sashe kadi mbili za kliniki za kule kambini. Kadi mpya, ya mimba ile, ilikuwa na vipimo viwili, vyote vizuri. Kadi ya zamani, ya mtoto aliyetangulia, ilisema hivi: presha 150/100, protini katika mkojo, alianzishiwa uchungu mapema. Na chini, kwa kalamu nyekundu, muganga wa kule aliandika kwa Kiswahili kizuri kabisa: “Mimba ijayo presha iangaliwe kwa makini.” Kadi ile ilivuka ziwa. Ilikuwa ndani ya nyumba siku ile nilipokuwa nahesabu sufuria. Hakuna aliyeiuliza, na mimi nikiwa wa kwanza.

Kwa hiyo leo nataka tuelewe pamoja ugonjwa ule ulitoka wapi. Mnivumilie kidogo, kuna maneno ya shule, lakini nitayafungua moja moja.

Kondo ni nini?

Wamama wanaijua kuliko mimi. Ni ile inayotoka nyuma ya mtoto, nzito karibu nusu kilo, nyekundu kama ini. Wengine wanasema kondo la nyuma, waganga wanasema plasenta. Tunaizika na tunaisahau. Lakini kwa miezi tisa ile kitu ni mapafu ya mtoto, ni figo yake, ni tumbo lake. Damu ya mama inapita upande mmoja, damu ya mtoto upande mwingine, na hazichanganyiki. Ni sawa na Kigoma na Baraka: vitu vinavuka, lakini kila upande unabaki na udongo wake.

Na kondo haipitishi tu chakula. Inasema pia. Inatuma ujumbe ndani ya mwili wa mama, na ujumbe huo unaitwa homoni. Homoni ni kitu kidogo sana kinachosafiri ndani ya damu na kuambia kiungo cha mbali: fanya hivi, acha vile.

Ujumbe wa kwanza unaitwa HCG. Ule mstari unaouona kwenye kipimo cha mimba cha mkojo, ni HCG hiyo. Inaambia kokwa za mama ziendelee kutengeneza projesteroni, homoni inayotuliza mji wa mimba usijikaze na kumtoa mtoto. Karibu na wiki ya 8 mpaka ya 10, kondo yenyewe inachukua kazi ile ya kutengeneza projesteroni. Kuna estrojeni pia, inayosaidia damu iongezeke kwenye mji wa mimba na kutayarisha matiti.

Ujumbe mwingine ni laktojeni ya kondo. Huu unaambia mwili wa mama: “Usitumie sukari yote, mwachie mtoto.” Ndiyo maana mama mjamzito, hasa kuanzia mwezi wa sita, insulini yake haifanyi kazi kwa nguvu kama zamani. Mwili wake unatakiwa kutengeneza insulini nyingi zaidi ili usawa urudi. Usiporudi, sukari inapanda katika damu: hiyo njo sukari ya mimba. Mtoto anaweza kuwa mkubwa kupita njia, na akizaliwa sukari yake yeye inaweza kushuka ghafla. Mama aliyezaa mtoto wa kilo nne na nusu, aseme jambo hilo kliniki, asilifiche kama vile ni sifa tu.

Kwa hiyo mkisikia waganga wanasema “usawa wa homoni”, maana yake si kwamba homoni zote ziwe sawa kama magunia kwenye mizani. Kila mwezi wa mimba una kiasi chake. HCG inapanda sana mpaka karibu miezi miwili na nusu, kisha inashuka, na ni vizuri ishuke. Shida inakuja wakati ujumbe mmoja unapiga kelele na mwingine unanyamaza.

Tansio inaanzia wapi?

Hapa njo mahali pa yule mama. Wale waliokaa Tanzania wanasema presha, wale waliobaki hapa wanasema tansio. Ni kitu kimoja. Na tansio ya mimba ikifika kichwani mtu akaanguka, kule tuliita kifafa cha mimba. Ile hali inayotangulia, kabla ya kuanguka, waganga wanaiita prieklampsia.

Mwanzo wa mimba, kondo inajipanda ndani ya ukuta wa mji wa mimba kama mbegu inavyotuma mizizi. Inafika kwenye mishipa midogo ya damu ya mama, iliyojizungusha kama konokono, na inaifungua iwe mipana, ili damu iingie kwa wingi bila kusukumwa kwa nguvu. Kazi hii inafanyika katika nusu ya kwanza ya mimba, kabla ya wiki ya 20. Kwa wamama fulani haikamiliki. Mishipa inabaki myembamba. Miezi ya kwanza haionekani kitu, juu mtoto bado mdogo. Akikua, kondo inakosa pumzi.

Kondo iliyokosa pumzi inaanza kutuma ujumbe mbaya. Kuna protini moja nzuri, inaitwa PlGF, inayosaidia mishipa ya damu ya mama ibaki laini na iliyofunguka. Na kuna nyingine, sFlt-1, inayozunguka ndani ya damu na kuikamata ile nzuri kabla haijafanya kazi. Kila kondo inatoa zote mbili. Lakini kondo yenye shida inamwaga sFlt-1 nyingi mno, na PlGF inapungua. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Boston, Marekani, pamoja na daktari Ananth Karumanchi, walionyesha kwamba sFlt-1 hiyo inazidi katika damu ya wamama wenye prieklampsia, na walipowapa panya wenye mimba, panya nao walipata tansio ya juu na protini katika mkojo.

Mishipa ya mama ikikosa ile protini nzuri, inajikaza na inavuja. Ikijikaza, tansio inapanda. Ikivuja kwenye figo, protini inaonekana katika mkojo. Ikivuja mwilini, uso na mikono inavimba. Kwenye ini, maumivu yanakuja juu ya tumbo, chini ya mbavu za kuume. Machoni, mama anaona nyota au ukungu. Na ikifika kwenye ubongo, anaanguka na kutetemeka.

Sasa rudini kwenye kisa chetu. Ugomvi wa shamba ulianza lini? Wiki ile waliyofika. Na ugonjwa? Mishipa ya kondo ile ilikosa kufunguka miezi mingi kabla, mama akiwa bado Nyarugusu, kabla hajanunua tiketi ya boti. Yule ndugu hakuwa hata anajua kama wanarudi. Nalisema hapa mbele ya wote, na liandikwe katika gazeti letu: hana kosa. Hata mama hana kosa. Hakula kitu kibaya, hakubeba kuni nyingi mno, hakuvunja mwiko. Wenye kosa ni sisi tuliokuwa na njia ya kujua na hatukupima.

Nani aangaliwe zaidi?

Duniani kote, prieklampsia inapata wamama kati ya 2 na 8 kwa kila 100 wenye mimba. Mtu yeyote anaweza kuwa mmoja wao. Lakini hawa waangaliwe mapema zaidi: msichana wa mimba ya kwanza, mama aliyepita miaka 40, mwenye mapacha, mwenye sukari, ugonjwa wa figo, au tansio tangu zamani, mwenye mwili mzito sana, mama ambaye mama yake au dada yake aliipata, mama aliyekaa zaidi ya miaka 10 bila kubeba mimba, na juu ya wote, mama aliyekwisha kuipata katika mimba iliyopita. Kwetu sisi tuliotawanyika na vita, mambo haya mawili ya mwisho si ya vitabuni. Kuna mabibi na mabwana waliopotezana miaka mingi, mmoja Lugufu, mwingine porini Fizi, wakaonana tena na mimba ikaja. Na kuna historia za uzazi zilizobaki upande wa pili wa ziwa.

Namna ya kuijua

Tansio ina namba mbili. Ya juu ni nguvu ya moyo ukisukuma, ya chini ni wakati moyo unapumzika. Kwa mama mjamzito, ikifika 140 juu au 90 chini, apumzike, apimwe tena, na aonwe na muganga siku ileile. Ikifika 160 au 110, hakuna kungoja kesho: ni safari ya hospitali saa ileile. Na mkojo unapimwa kwa ile karatasi ndogo inayobadilika rangi.

Dalili za kumwambia kila mtu nyumbani, hata baba mkwe: kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona nyota au giza, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, kutapika katika miezi ya mwisho, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Miguu kuvimba peke yake wamama wengi wanayo na si ugonjwa. Lakini hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Mimi nilitumia jicho. Kipimo njo kinatofautisha.

Na msidanganywe na kipimo kimoja kizuri. Yule mama alipimwa mwezi wa tano, ikawa nzuri. Mwezi wa saba haikuwa nzuri tena. Ndiyo maana tangu 2016 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, inashauri mama aonane na muganga mara 8 katika mimba moja, na nyingi ziwe katika miezi ya mwisho. Najua CPN iko mbali, najua mto unajaa. Lakini kwenda mara moja kuchukua fishi na chandarua, kisha kurudi siku ya uchungu, haitoshi.

Kitu gani kinasaidia?

Kuna mambo manne.

La kwanza, aspirini kidogo. Kwa mama mwenye hatari kubwa, muganga anaweza kumpa aspirini ya kiasi kidogo kila siku, kuanzia karibu wiki ya 12, na vizuri kabla ya wiki ya 20. OMS inataja miligramu 75. Si kila mama, na si ile ya kununua kwenye kibanda. Ni muganga anayeamua. Lakini angalieni muda: akija CPN mwezi wa saba, ule mlango umekwisha kufungwa. Na atajuaje kuwa ni mama wa hatari kama hajaona kadi ya zamani?

La pili, kalsiamu. Mahali ambapo chakula hakina kalsiamu ya kutosha, OMS inashauri vidonge vya gramu 1,5 mpaka 2 kwa siku. Vidonge havipatikani kila fasi. Kwa chakula tuna ndagala, tukila pamoja na mifupa yake, tuna lengalenga, tuna sombe iliyopikwa vizuri. Ndagala haiponyeshi prieklampsia, msiende kusema nimesema hivyo. Lakini ugali na chumvi peke yake kwa mama mjamzito ni deni ambalo mwili wake utalipa.

La tatu, sindano ya sulfati ya magnezi. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa Magpie, wamama zaidi ya 10 000 katika nchi 33. Waliopewa magnezi, hatari ya kuanguka kifafa ilipungua kupita nusu. Si dawa ya kigeni ya matajiri, ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kituo kidogo ambacho hakiwezi kumlaza mama kinaweza kumpa dozi ya kwanza, kisha kumpeleka hospitali mara moja. Dozi ile inampa muda wa kuvuka barabara.

La nne njo mwisho wa yote: kuzaa. Kwa kuwa ujumbe mbaya unatoka kwenye kondo, dawa inayomaliza kabisa ni kondo kutoka. Dawa za tansio zinashikilia tu. Muganga anapima: mtoto angoje siku ngapi, mama anaweza kuvumilia siku ngapi. Akisema “tuanzishe uchungu” kabla ya miezi kutimia, si haraka ya kutaka franga. Msimtoroshe mama usiku.

Mambo mawili ya kuongeza. Msimpe mama mjamzito vidonge vya tansio vya babu. Viko vinavyofaa kwa mimba na viko vinavyomharibu mtoto. Na mama akizaa, hatari haiishi siku ile. Kifafa kinaweza kuja hata baada ya kuzaa, zaidi katika siku mbili za kwanza, lakini mpaka wiki sita tuendelee kumwangalia. Kichwa kikimuuma mzazi, msiseme ni uchovu wa usiku.

Tunachoomba chama kifanye

Ndugu zangu, sikuja kuwafanya waganga. Nimekuja na maombi matatu kwa chama, na moja kwa marafiki wetu.

Ombi la kwanza halina gharama. Kwenye karatasi yetu ya kuandika wanaofika, tuongeze swali: “Je, kuna mwenye mimba nyumbani? Ana kadi ya zamani? Tuione.” Kadi za Tanzania ni za Kiswahili na Kiingereza, fishi za hapa ni za Kifaransa. IT wetu hawezi kusoma zote, na si aibu. Sisi tuliokaa kule tunaweza kumsomea. Kama kadi ilipotea, tuulize kwa mdomo: “Mama, mimba zilizopita uliambiwa una presha? Ulianguka? Ulianzishiwa uchungu?” Maswali matatu, dakika mbili.

Ombi la pili: kila kikundi cha wamama kiwe na kipima tansio kimoja, na mamoja wawili wafundishwe na kituo cha afya kukitumia, pamoja na wareko. Hawatatibu. Watapima, wataandika kwenye daftari, watapeleka.

Ombi la tatu: sehemu ya kasha la chama iwekwe kando kwa safari ya mama mjamzito. Tukubaliane bei mchana na wenye pikipiki na wenye boti, hasa kwa watu wa Ubwari, ili usiku asianze mtu kupatana bei mbele ya mama anayetetemeka. Na pale ambapo pikipiki haifiki, kila mtaa ujue kipoyi kiko nyumba ya nani na vijana gani wanakibeba.

Kwa marafiki wetu wafadhili: mara mingi mnatuuliza mashine gani tunahitaji. Ekografi ni nzuri, hatuikatai. Lakini kinachokosekana mwezi kwa mwezi ni vitu vidogo vinavyoisha: karatasi za kupima mkojo, betri za kipima tansio, magnezi kwenye kituo kidogo, mafuta ya pikipiki. Mkitusaidia, saidieni kitu kisiishe. Kipima tansio bila betri ni pambo la ukutani.

Na ombi moja kwa sisi wote. Mama akianguka, kabla ya kunyoosha kidole kwa jirani, tunyooshe mkono wa mama apimwe. Sisi tumerudi kwenye mashamba yenye watu ndani. Ugomvi tunao wa kutosha. Tusiongeze na ule ambao kondo la nyuma peke yake lilitosha kuueleza.

Maswali mawili ya siku ile

Mzee mmoja aliuliza: “Mwanangu, unataka tuache kuomba?” Nilimjibu: hapana, mzee wangu. Ombeni. Lakini ombeni juu ya pikipiki, njiani. Mungu anasikia hata barabarani, na saa zile tano kabla ya kulipokucha njo zilikuwa za mtoto.

Mama mmoja aliuliza: “Na sisi tuliokwisha kuipata, tuache kuzaa?” Nikamwambia: si lazima, mama. Wengi wanazaa vizuri baadaye. Lakini anza CPN mapema, mara tu siku zako zikipita, na uende na kadi mkononi. Na hata kama huzai tena, pima tansio kila mwaka, juu mwanamke aliyepata prieklampsia ana hatari zaidi ya tansio na ugonjwa wa moyo akizeeka.

Mkutano ulikubali ombi la kwanza palepale. La pili na la tatu yako mbele ya kamati, na tutaleta jibu katika gazeti linalofuata. Yule mama alikuwepo, ameketi nyuma karibu na mlango. Watu walipoanza kutoka alinifuata akaniambia: “Kaka, niandike mimi kwenye hao wa kupima.” Nimeandika jina lake la kwanza kwenye listi.

Na wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mwenye mimba, usingoje kamati. Fungua sanduku leo. Tafuta ile sashe. Soma kadi, ama umwombe mtoto wa shule akusomee, na kesho asubuhi muende nayo kituo cha afya.